Valvu janja ya rejeta inaposoma joto lisilo la chumba

Valvu janja ni kichwa chenye mota kinachofungwa kwenye rejeta ya kupashia chumba joto, ili kiongeze au kipunguze maji moto yanayoingia. Kihisi cha joto kilichomo ndani ya kichwa hicho mara chache huwa kibovu. Ni themista ndogo ambayo ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda, na usahihi wake unatosha kabisa kwa kazi ya nyumbani. Taabu ni mahali kilipo: sentimita chache kutoka kwenye bomba linaloweza kubeba maji ya nyuzi 60 za Selisiasi, karibu na sakafu, na pengine nyuma ya pazia. Kinapima barabara hewa inayokizunguka, ila hewa hiyo siyo anayoivuta mtu aliyeketi katikati ya chumba.

Ndiyo maana unaweka nyuzi 21, programu ya simu inakuonyesha 21, valvu imejifunga kwa kuridhika, na wewe bado unatafuta sweta kwa sababu chumba kiko 18.5. Karibu kila valvu ya aina hii ina dawa kwenye menyu yake: sahihisho la joto, yaani namba inayojumlishwa kwenye kila kipimo kabla valvu haijakitumia. Ukiandika −2.5, kipimo cha 23.5 huhesabiwa kuwa 21. Kuiandika namba hiyo ni kazi ya nusu dakika. Kuipata iliyo sahihi ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu tofauti unayoisahihisha haitulii mahali pamoja.

Kwanza hakikisha ni kihisi

Kuna marekebisho matatu tofauti ambayo watu, na hata vijitabu vya maelekezo, huyaita kwa jina moja. La kwanza ni hili la kihisi. La pili ni valvu kujifunza mwendo wa pini, kijiti kinachofunga na kufungua njia ya maji: baada ya kufungwa kwenye rejeta, mota husukuma pini mpaka mwisho na kuirudisha, ili ijue wapi ni kufunga kabisa na wapi ni kufungua. La tatu ni kusawazisha mtiririko wa maji kati ya rejeta zote za nyumba, ili iliyo mbali na boila, mtambo unaochemsha maji hayo, isikose maji huku ya karibu ikijaa. Sahihisho la joto haliponyi kasoro ya pili wala ya tatu. Ukilitumia hivyo utapata valvu yenye makosa mawili badala ya moja.

Kuzitofautisha unahitaji kipimajoto kingine chumbani na mkono wako kwenye rejeta. Ikiwa valvu inasema 21, kipimajoto kinasema 18.5, na rejeta imepoa kwa sababu valvu imejifunga, hapo kihisi kinahitaji sahihisho. Ikiwa vyote viwili vinasema 18.5, valvu inadai imefunguka asilimia 100, na rejeta bado ni baridi, kihisi hakina kosa lolote. Tazama pini iliyokwama, hewa iliyonaswa kwenye rejeta, mtiririko hafifu, au boila ambayo haijawashwa kabisa kwa sababu kidhibiti kikuu cha joto kilichoko ukumbini kimeshatosheka. Na ikiwa valvu inaonyesha asilimia 0 huku rejeta ikiendelea kuchemka, pini haifikishwi mwisho: adapta, kipande cha kuunganishia kichwa na rejeta, si yake, pete ya kukazia haijakaza, au hatua ya kujifunza mwendo ilikatizwa katikati.

Pini iliyokwama ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa, hasa baada ya miezi mingi bila kupasha joto. Toa kichwa, kisha ibonyeze pini kwa kitu bapa kigumu, kama upande wa spana, mara kadhaa. Inapaswa kuingia milimita chache na kurudi yenyewe kwa nguvu ya springi. Usiivute kwa koleo, kwa sababu ikichomoka maji ya mfumo yatakufuata. Ukirudisha kichwa, anzisha upya hatua ya kujifunza mwendo, na uwe na betri mpya. Mota hula umeme mwingi zaidi inaposukuma dhidi ya springi, na betri dhaifu huifanya isimame kabla ya mwisho halisi, ikaukariri mwisho wa uongo. Betri za kuchajiwa za volti 1.2 huleta kasoro hiyohiyo kwenye valvu ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Kuhusu adapta: hesi iliyoenea zaidi ni M30 × 1.5 (kipenyo cha milimita 30, hatua ya milimita 1.5), lakini si ya wote. Watengenezaji Danfoss, kwa mfano, wana miundo yao ya RA, RAV na RAVL, na kila mmoja una adapta yake. Kichwa kinachocheza kidogo kinapotikiswa kwa mkono hakijakaa sawasawa, hata kama mota haijalalamika.

Kwa nini tofauti haitulii

Kichwa cha valvu hupata joto kwa njia tatu: kwa kugusana na mwili wa shaba wa valvu, kwa mnururisho kutoka kwenye ubavu wa rejeta, na kwa hewa moto inayopanda kutoka kwenye bomba. Zote tatu hutegemea jinsi rejeta ilivyo moto wakati huo. Rejeta ikiwa imelala kwa saa nyingi, kichwa na chumba hukaribiana, pengine kwa tofauti ya nusu nyuzi. Ikiwa imefunguka kabisa asubuhi ya baridi, tofauti ya nyuzi 3 mpaka 5 si ajabu. Kwa hiyo namba moja isiyobadilika haiwezi kuwa sahihi saa zote. Inaweza kuwa sahihi katika hali moja tu, na hali hiyo unaichagua wewe.

Nyumba zenye pampu ya joto hupata nafuu hapa. Maji yao huzunguka kwenye nyuzi 35 mpaka 45, rejeta hubaki vuguvugu muda mrefu badala ya kuchemka na kupoa, na tofauti huwa ndogo na tulivu zaidi. Mwenye boila inayotuma maji ya nyuzi 70 ana kazi ngumu zaidi, na akiyashusha maji hayo mpaka 55 akaona vyumba bado vinapata joto, atakuwa ametibu sehemu kubwa ya tatizo bila kugusa menyu ya valvu. Jambo la kukumbuka ni kwamba kila unapobadilisha joto la maji ya boila, masahihisho ya zamani yote hupitwa na wakati.

Zipo pia valvu ambazo hazionyeshi kipimo ghafi cha kihisi. Programu yake hukisia joto la chumba kwa kutazama kihisi pamoja na kiasi valvu ilivyofunguka, kisha hukuonyesha makisio hayo. Sahihisho lako hujumlishwa juu ya makisio, ndiyo maana namba iliyofaa kwenye valvu ya aina moja haihamishiki kwenye ya aina nyingine, hata zikiwa kwenye rejeta moja.

Mkao nao una neno. Kichwa kinachoelekea mlalo, kikitokeza pembeni ya rejeta, hupata hewa ya chumba. Kilichosimama wima juu ya bomba hupikwa na hewa inayopanda. Pazia refu linalokifunika pamoja na rejeta hukitengenezea chumba chake kidogo chenye joto jingi, na kochi lililosukumwa mpaka ukutani hufanya vivyo hivyo. Kosa la upande wa pili lipo pia: upepo wa baridi unaopenya chini ya dirisha au mlango hukimwagikia kichwa kilicho karibu na sakafu, kikasoma chini ya ukweli, na chumba kikapashwa kupita kiasi. Ondoa unachoweza kuondoa kabla ya kupima. Kusahihisha kwa namba kitu ambacho kingetatuliwa kwa kukata pazia ni kujitafutia kazi ya kudumu, kwani pazia hilo halifungwi wala kufunguliwa saa zilezile kila siku.

Kipimajoto cha kulinganishia

Sahihisho haliwezi kuwa bora kuliko kifaa unacholinganisha nacho. Kihisi kama SHT31 cha Sensirion kina usahihi wa kawaida wa nyuzi ±0.2 na kinafaa sana. DS18B20 na DHT22 ni ±0.5, na bado vinafaa ukivikagua. Epuka vifaa vyenye skrini angavu, vinavyochajiwa muda wote au vinavyotumia Wi-Fi bila kupumzika, kwa sababu hujipasha moto vyenyewe na kusoma juu. Kidogo cha betri kinachotuma kipimo kisha kikalala ndicho bora.

Ukiwa na kihisi chenye waya kisichopitisha maji, unaweza kukikagua kwa barafu. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji safi mpaka yajaze mianya tu, koroga, ukitumbukize kihisi katikati bila kugusa chini wala kingo, na usubiri dakika tano huku ukikoroga mara kwa mara. Kinapaswa kusoma karibu na 0. Barafu ikielea juu ya maji mengi, chini ya kikombe kutakuwa na maji ya nyuzi kadhaa, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Kwa vipimajoto visivyoweza kulowa, viweke vyote pamoja mezani, mbali na jua, kwa saa mbili au tatu, uone kipi kinajitenga na wenzake.

Kisha chagua mahali. Kiwango cha ISO 7726 huchukua mita 1.1 kutoka sakafuni kuwa kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi, na kimo hicho kinafaa kwa sebule. Kiweke kwenye ukuta wa ndani, usiopakana na nje, mahali jua lisipofika, mbali na televisheni, taa na mlango. Kwenye chumba cha kulala, kimo cha kitanda kina maana zaidi. Si lazima kikae hapo milele, lakini kisihamishwe wakati wa kupima.

Kupima na kuweka namba

Anza kwa kurudisha sahihisho kwenye 0. Kisha zima ratiba, na zima ugunduzi wa dirisha lililo wazi, ule unaoifunga valvu kipimo kinaposhuka ghafla. Funga milango kama inavyofungwa siku za kawaida. Chagua siku ambayo kuna baridi ya kutosha kufanya rejeta ifanye kazi, na pima jioni au siku ya mawingu, ili jua lisiingize joto lake kwenye hesabu.

Sasa kosa linalofanywa na karibu kila mtu. Tuseme umeweka 20, kichwa kinasoma 20.0, na kipimajoto kinasema 17.8. Tofauti ni 2.2, unaandika −2.2, unadhani umemaliza. Kesho yake chumba kimesimama 19.4. Sababu ni kwamba ulipima chumba kikiwa 17.8, rejeta ikifanya kazi ndogo. Ili kifike 20, rejeta lazima iwe moto zaidi, na ikiwa moto zaidi kichwa nacho kinazidi kudanganyika, tuseme kwa 2.8. Kwa hiyo usipime tofauti kwenye joto ambalo valvu imekuletea kwa makosa. Pandisha joto lililowekwa, nusu nyuzi kwa nusu nyuzi, mpaka kipimajoto cha kulinganishia ndicho kionyeshe 20, bila kujali valvu inasema nini.

Kikishafika hapo, acha mambo yatulie. Rejeta nyembamba ya bati huhitaji saa mbili au tatu. Ile nzito ya chuma cha kusubu huhitaji zaidi, maana hubaki moto muda mrefu baada ya valvu kujifunga. Dalili ya kutulia ni kipimajoto kutosogea zaidi ya 0.2 kwa saa nzima na valvu kukaa karibu na uwazi uleule. Ndipo uanze kuandika vipimo vyote viwili kila dakika 15 kwa saa mbili, upate jozi nane au tisa, utoe wastani wa tofauti. Wastani ni wa lazima hasa kwa valvu zinazotuma vipimo kwa hatua ya nusu nyuzi: kipimo kimoja cha 22.5 kinaweza kuficha chochote kati ya 22.3 na 22.7.

Mfano: wastani wa valvu ni 22.8, wa kipimajoto ni 20.1. Sahihisho ni 20.1 toa 22.8, yaani −2.7. Ikiwa valvu yako hukubali hatua za 0.5 tu, una −2.5 au −3.0. Ukichagua −2.5, valvu itaona chumba kuwa na joto la 0.2 zaidi ya ukweli, na chumba kitatulia 0.2 chini ya ulichoweka. Ukichagua −3.0 kitatulia 0.3 juu. Hakuna haja ya kuhangaika zaidi ya hapo. Mtu hatambui tofauti hiyo mwilini.

Kabla ya kuandika namba yenyewe, jaribu alama. Andika +1 uone kama kipimo kinachoonyeshwa kimepanda kwa 1. Kikishuka, kifaa chako hutumia alama kinyume. Baadhi ya valvu hubadilisha onyesho papo hapo, nyingine husubiri mpaka ziamke na kutuma kipimo kinachofuata, kwa hiyo usibonyeze mara ya pili kwa haraka. Halafu rudisha joto lililowekwa kuwa 20, washa ratiba, na ukague kesho yake saa ileile. Ikiwa tofauti iliyobaki ni chini ya nusu nyuzi, acha. Ikiwa zaidi, rekebisha kwa kiasi kilichobaki tu, mara moja kwa siku.

Chumba chenye rejeta mbili hutumia kipimajoto kimoja, lakini kila valvu hupata namba yake. Zipe namba moja na utaona rejeta moja ikifanya kazi yote huku nyingine ikilala.

Kuna ukomo wa namba pia. Kiwango cha Zigbee, mawasiliano ya redio ya vifaa vya nyumbani, katika matoleo yaliyotumika kwenye valvu nyingi, kiliweka sahihisho kati ya −2.5 na +2.5 kwa hatua za 0.1, ingawa watengenezaji wengi huenda mbali zaidi ya hapo. Ukijikuta unahitaji −6, acha kutafuta valvu inayokubali −6. Kichwa kiko mahali pabaya.

Sahihisho kubwa na usiku

Namba uliyoipata rejeta ikiwa moto hubaki ileile rejeta ikiwa imepoa, na hapo ndipo gharama yake inapoonekana. Chukua valvu yenye −3 iliyopangiwa kushuka kutoka 20 hadi 17 usiku. Ratiba inabadilika, valvu inajifunga, rejeta inapoa, kichwa nacho kinasogea karibu na joto halisi la chumba, tuseme 19.8. Toa 3, valvu inaona 16.8 na kufungua tena. Umeomba usiku wa nyuzi 17, chumba kinazunguka karibu na 19. Watu husema valvu haifuati ratiba, kumbe inaifuata kwa namba iliyopewa. Suluhisho rahisi ni kupanga joto la usiku chini zaidi, 15 kwa mfano, ukijua kwamba namba hiyo si ahadi.

Sahihisho la chanya lina hatari tofauti. Kinga ya kuganda, ambayo kwa kawaida hufungua valvu joto likikaribia nyuzi 5, husoma namba iliyosahihishwa. Kwenye chumba kisichotumika, chenye +3 kwa sababu ya upepo wa dirishani, valvu itaona 6 wakati hewa ni 3, na itaendelea kulala huku mabomba ya ukuta wa nje yakikaribia kuganda. Kwa chumba cha namna hiyo ziba upepo, au inua joto la chini kabisa kwa kiasi cha sahihisho.

Kihisi cha mbali

Njia iliyo bora kuliko namba isiyobadilika ni kuipa valvu kipimo cha kifaa kilicho katikati ya chumba. Kuna valvu zinazopokea kipimo hicho moja kwa moja na kuacha kutegemea kihisi chake. Danfoss Ally ni mojawapo, na hutaka kuambiwa ikiwa rejeta imefunikwa au la, maana kwa rejeta iliyofunikwa hudai kipimo kipya angalau kila dakika 30, na kwa isiyofunikwa angalau kila saa 3. Kipimo kikikosekana hurudi kwenye kihisi cha ndani. Ikiwa valvu yako ina uwezo huo, utumie, na urudishe sahihisho kuwa 0.

Zisizo na uwezo huo hudanganywa kwa njia ya otomatiki: programu kama Home Assistant husoma kipimajoto cha chumba na kubadilisha sahihisho la valvu kila mara. Ndani ya Zigbee2MQTT, programu inayounganisha vifaa vya Zigbee, mpangilio huo huitwa local_temperature_calibration. Kanuni ni fupi, nayo huandikwa vibaya mara nyingi:

sahihisho jipya = sahihisho la sasa + (kipimajoto cha chumba − kipimo kilichoonyeshwa na valvu)

Kinachosahauliwa ni sehemu ya «sahihisho la sasa». Kipimo kinachoonyeshwa tayari kina sahihisho ndani yake. Tuseme chumba ni 20.0 na valvu inaonyesha 22.5. Otomatiki inaweka −2.5, valvu sasa inaonyesha 20.0. Kanuni mbovu, ile ya kutoa tu, inaona tofauti ni 0 na kuandika 0. Valvu inaruka tena mpaka 22.5, inarudi −2.5, na mchezo unaendelea hivyo mpaka betri ziishe.

Kosa la pili ni haraka. Valvu hulala ili kutunza betri, na huenda isitume kipimo kipya kwa dakika kadhaa. Otomatiki ikikimbia mara mbili kabla valvu haijajibu, itaona 22.5 ileile na kuandika −5. Valvu itaamka ikiamini chumba kiko 17.5, ifungue kabisa, na joto lipande kupita kiasi. Weka muda wa angalau dakika 15 hadi 30 kati ya mabadiliko, usibadilishe chochote kama tofauti haijafika 0.5, na uzuie namba isivuke mipaka unayoiamini, tuseme −5 na +2. Weka pia sharti la umri wa kipimo: kipimajoto kikiwa kimya kwa zaidi ya saa mbili, otomatiki irudishe namba ya wastani uliyoipima kwa mkono. Betri ya kipimajoto ikifa kikiwa kimekwama kwenye 17.2, bila sharti hilo rejeta itapasha chumba usiku kucha ikifukuza namba isiyosogea.

Ugunduzi wa dirisha lililo wazi unastahili kuangaliwa tena hapa. Sahihisho linapobadilika ghafla kwa nyuzi 2 au 3 kuelekea chini, valvu inaweza kulichukulia kama hewa baridi iliyoingia na kujifunga kwa muda. Kama valvu hujifunga bila sababu dakika chache baada ya otomatiki kukimbia, zima ugunduzi huo au gawa badiliko katika hatua za 0.5.

Rudia kupima mwanzoni mwa kila msimu wa baridi, na kila unapobadilisha rejeta, pazia, mkao wa samani au joto la maji ya boila. Kubadilisha betri pekee hakuhitaji kupima upya, ila angalia: kuna valvu ambazo hufuta sahihisho na kulirudisha 0 zikipoteza umeme.